Sifa ya Kisu Kilichovishwa Udongo

Kisu kizuri husifiwa kwa makali yake. Mimi nataka kuisifu kazi inayotangulia makali: fundi kukikinga chuma na hewa kikiwa motoni.

Sisi wa Nyali, Mombasa, twajua hewa inavyokula chuma. Upepo wa bahari na chumvi yake huanzia kwenye bawaba za madirisha, ukahamia kwenye mageti. Kutu hiyo huchukua miezi. Ndani ya tanuri, oksijeni hufanya uharibifu wake kwa dakika chache. Chuma kikipita nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku haikishiki tena. Karibu na 800, joto la kukitia ugumu, uso wake hufanya magamba meusi yanayobanduka vipande vipande na kuacha vishimo. Hasara kubwa zaidi haionekani: hewa huiondoa kaboni. Springi ya lori, ambayo mafundi wengi huifulia mapanga na visu, ina kaboni kama asilimia 0.6 tu. Ngozi ya juu ikiipoteza hiyo, makali huwa laini hata kama kiini ni kigumu.

Fundi mwangalifu huchukua udongo wa kufinyangia, akauchuja, akauchanganya na unga wa mkaa na maji mpaka ukawa mwepesi kama uji. Bapa la kisu hulisugua kwa msasa likaisha mafuta, maana udongo haushiki penye mafuta. Kisha hulipaka tabaka jembamba. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Yeye huuwahi, lakini hautii motoni mpaka ukauke kabisa, kwani unyevu ukibaki mvuke utaupasua. Mkaa ule huimaliza oksijeni kabla haijalifikia bapa. Mwenye boraksi, ile ya masonara, huinyunyiza ikayeyuka na kulifunika bapa. Moto nao una adabu yake: mkaa tele, upepo wa kiasi, na chuma kisikae ndani zaidi ya haja.

Ujuzi huu una ukoo mrefu. Katika karne ya 12, mtawa Theophilus wa Ulaya aliandika jinsi ya kupaka tupa mafuta, kuzifunga kwa ngozi ya mbuzi na kuzivika udongo kabla ya moto. Kazi ya chuma yenyewe ni ya kale huku kwetu pia: mwaka 1154 mwanajiografia Al-Idrisi aliwataja watu wa Malindi kwa kuchimba na kuuza chuma. Hapa pwani yetu, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba amechunguza kazi za chuma za Waswahili wa kale. Wahunzi wa Japani nao hadi leo huzipaka panga zao udongo kabla ya kuzizima, ingawa hasa ili makali yapoe haraka kuliko mgongo.

Naienzi kazi hii kwa sababu mnunuzi haioni. Udongo hupasuka na kudondoka, bapa likang'arishwa, na hakuna alama inayobaki ya subira ile. Fundi angeweza kuiruka na kisu bado kingeng'aa mezani. Anaifanya kwa kuwa atakayekata samaki kwa kisu hicho amemwamini. Hiyo ni amana.

Basi ukienda kununua kisu soko la Kongowea, usitazame mng'ao peke yake. Muulize fundi alikikinga vipi motoni. Akikueleza kwa furaha, mlipe bei yake bila kumkandamiza, na umwombe awafundishe vijana wake kazi hiyo.