Karani Mwaminifu wa Nafasi za Wazi

Anayetembea kandokando ya ziwa, anayepiga kambi msituni na anayewapeleka watoto kwenye bustani ya mji huyasifu maji, miti na nyasi. Huenda akamshukuru mtunza bustani akimkuta na reki mkononi. Aliyeifanya nafasi ile iwe mali ya watu wote kwa hati hamwoni kamwe. Huyo ni afisa ruzuku, anayesimamia fedha za umma zinazotolewa kwa ajili ya nafasi kama hizo. Nataka kazi yake isifiwe waziwazi, kwa kuwa ni ufundi kama ufundi mwingine wowote: una jicho lake, mkono wake na miiko yake.

Kazi hii imekomaa sana Marekani. Mwaka 1958 Bunge la huko liliunda tume, iliyoongozwa na Laurance Rockefeller, ichunguze wananchi watapumzikia wapi miji ikizidi kutanuka. Ripoti ikatoka 1962, na tarehe 3 Septemba 1964 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji. Mwaka 1968 mfuko ukaanza kutiwa mapato ambayo serikali huyapata kutokana na mafuta na gesi ya baharini. Naliona hili kuwa jambo la haki: taifa likichimba mali ya asili inayokwisha, sehemu ya thamani yake irudi kwenye mali ya asili inayodumu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wabunge waliutengea mfuko chini ya kiwango chake, hadi sheria ya Agosti 2020 ilipoamuru dola milioni 900 zitolewe kila mwaka.

Sehemu ya fedha hizo hugawiwa majimbo, na fungu hilo ndilo linalopita mikononi mwa afisa ruzuku. Mji mdogo unataka gati la mashua, uwanja wa watoto au njia ya matembezi. Ombi lake likikubaliwa, mfuko hulipa hadi nusu ya gharama, na nusu ya pili hutafutwa na mji wenyewe. Tena kwa kawaida mji hutangulia kulipa, kisha hurudishiwa baada ya kuonyesha stakabadhi. Masharti haya yanaweza kuukatisha tamaa mji wenye hazina changa. Afisa hodari huketi na diwani na mhasibu wake, akawafahamisha kwamba kiwanja kilichotolewa na msamaria, au jasho la wakazi waliojitolea, linaweza kuhesabiwa katika mchango wao. Ombi lililoonekana haliwezekani hupata miguu.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Afisa huyu lazima awe mpenda nje. Ramani humwonyesha mstari, na mtu aliyezoea kutembea ndiye atakayejua kwamba mstari ule mvua ikinyesha hugeuka mfereji. Anajua benchi lisilo na kivuli saa nane mchana halikaliwi na mtu. Anajua mzee hapandi njia asiyoona mwisho wake, na kwamba mama mwenye watoto wawili huchagua mahali ambapo anaweza kuwaona wote kwa pamoja. Kanuni za Marekani zinasema njia ya kupandishia kiti cha magurudumu isiinuke zaidi ya kipimo kimoja kwa kumi na mbili. Aliyewahi kukisukuma kiti hicho mlimani huisoma kanuni hiyo kwa mabega yake. Ndiyo maana sikubali kwamba matembezi ya mwisho wa juma ni mapumziko ya kuikimbia kazi. Kwa afisa wa aina hii ndipo jicho linaponolewa, na Jumatatu akifungua faili anaiona ardhi nyuma ya maandishi.

Utukufu wa kazi hii uko katika kifungu kimoja cha sheria ile ya 1964. Ardhi iliyonunuliwa au kuendelezwa kwa fedha za mfuko haiwezi kugeuzwa matumizi bila idhini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye huko wizara yake ndiyo inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi za taifa. Idhini ikitolewa, ni sharti ipatikane ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua na manufaa yanayolingana. Ahadi hii haina mwaka wa kuisha. Mara nyingi ruzuku ndogo ya kujengea uwanja mmoja wa tenisi huifunga bustani nzima inayouzunguka. Kwa hiyo afisa anapochora mpaka kwenye ramani, anachora kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa. Akiteleza kidogo, kona moja ya bustani huachwa nje ya ulinzi, na miaka 30 baadaye mtu mwenye tamaa ya maegesho ya magari ataiona kona hiyo. Ndiyo sababu viwanja hivi hukaguliwa hata baada ya ujenzi, kwa kawaida kila baada ya miaka 5: mtu huenda, huutembea mpaka, hulinganisha karatasi na ardhi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua bei ya kukosa ulinzi wa namna hiyo. Mwaka 1989 ilimlazimu mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai asimame hadharani, atukanwe na kudhihakiwa, ili jengo la ghorofa 60 lisipandishwe katika Uhuru Park jijini Nairobi. Bustani ilipona, nasi tunamshukuru. Ila hakuna nchi inayoweza kumtegemea Maathai kwa kila kiwanja. Ardhi isiyofungwa kwa hati humngoja shujaa, na mashujaa ni wachache. Ardhi iliyofungwa vizuri huhitaji karani mwaminifu, na huyo anaweza kufunzwa, kuajiriwa, kulipwa na kuheshimiwa.

Basi anayependa upepo wa nje asiishie kuufurahia. Aulize kuhusu uwanja anaoupenda: umeandikwa kwa jina la nani, mpaka wake umechorwa wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuja kuukagua? Pasipokuwa na wa kujibu, kazi ya kuulinda uwanja huo bado haijaanza.