M-Pesa: Mpango Ulioachwa, Kampuni Iliyowahi

M-Pesa haikubuniwa ili watu watumiane pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walifika Kenya na wazo la mikopo midogo: mteja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache.

Wateja wakafanya yao. Wafanyabiashara waliingiza mauzo ya jioni kwenye simu, maana saa hizo benki zimeshafungwa. Msafiri aliweka pesa alikotoka, akazitoa alikofika, asibebe noti njiani. Wengine waliwalipia wenzao mikopo, kisha wakafidiwa kwa taslimu au huduma. Faulu ndiyo iliyoumia. Malipo ya simu yalikuwa kazi ngumu kuoanisha na vitabu vyake, na mwanachama aliyekwisha kulipa hakuona sababu ya kuhudhuria mkutano wa kikundi, ilhali kikundi ndicho kilichokuwa dhamana ya mkopo.

Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoendesha M-Pesa, kuanzia 2000 hadi 2010, angeweza kuung'ang'ania mpango huo wa mikopo. Fedha zilikwisha kutolewa kwa ajili yake, na wenye wazo walitoka Vodafone, mwanahisa wa Safaricom. Lakini huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo haikuwamo. Yalibaki mambo machache: weka, tuma, toa, nunua muda wa maongezi. Tangazo nalo lilisema jambo moja tu, tuma pesa nyumbani.

Kwa maoni yangu, wepesi wa kampuni ulitoka katika uamuzi huo wa kupunguza. Menyu fupi ilienea kwenye laini ya simu ya bei ndogo kabisa. Wauzaji wa kadi za simu waligeuzwa mawakala bila kufundishwa mambo mengi. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikuwa na kitu kinachoeleweka cha kukagua: pesa za wateja zilikaa kwenye akaunti ya amana benki, na Benki Kuu ikatoa barua ya kutopinga. Kabla ya 2007 kwisha, wateja walizidi milioni moja.

Tusimpe Joseph sifa zote, hata hivyo. Safaricom tayari ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko. Kampuni ya simu ya Vodacom ilipoipeleka M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010, kwa watu ambao wengi wao walikuwa na akaunti za benki, huduma haikushika, ikafungwa 2016.

Kenya kwenyewe, kampuni iliyokuwa nyepesi kuacha mpango wake haikuwa nyepesi kuwaachia wengine mawakala wake. Masharti ya kuwazuia wasihudumie washindani yaliondolewa mwaka 2014, kwa agizo la Mamlaka ya Ushindani.