Uchezaji wa Marehemu Steven Kanumba: Kipimo cha Umati na Kipimo cha Lugha

Kote Usukumani, ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu zina kipimo chake tangu zamani: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lile livutalo watazamaji wengi zaidi ndilo lishindalo. Kwa kipimo hicho marehemu Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, alikuwa na wapinzani wachache. Alipozikwa Kinondoni mwezi wa Aprili 2012, maelfu ya watu walimsindikiza. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuuliza swali la pili: umati ule ulikuwa ukisikia nini?

Kanumba alikulia kisanaa katika Kaole Sanaa Group, kikundi cha Dar es Salaam kilichojulikana sana kwa michezo yake ya televisheni. Ni desturi ya vikundi vya namna hii kumpa mchezaji kiini cha kisa, maneno akajitungia mwenyewe papo hapo. Desturi hiyo ndiyo asili ya ubora wake, na ndiyo asili ya kasoro yake. Katika sinema kama Oprah (2008), aliyocheza pamoja na Irene Uwoya na Vincent Kigosi, twasikia Kiswahili cha watu wazungumzao, si cha watu wasomao: sentensi hukatika, na kimya huingia pale ghadhabu ishindapo maneno. Ila maneno yasiyoandikwa hayapunguzwi; lawama moja hurudiwa mara tatu, hali uso wa mchezaji umekwisha kuisema.

Majina ya Kiingereza ya sinema zake yamelaumiwa, na lawama hiyo ni ya haki; walakini haifiki ndani. Yeye alitafuta soko la ng'ambo, kwa Dar 2 Lagos (2006), kisha kwa Devil Kingdom (2011), aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Wako waliomcheka kwa Kiingereza chake. Waliokisikiliza Kiswahili chake kwa makini ni wachache.

Hapo ndipo penye hasara. Sinema hizi ni ghala la mazungumzo ya Dar es Salaam ya miaka ya 2000, nazo zilisambazwa kwa sahani zinazoharibika upesi. Yafaa zikusanywe na maneno yake yaandikwe, kabla ya umati kusahau sauti iliyouvuta.