Zamu ya Kila Chandarua

Ukitoka Ifakara ukavuka daraja la Mto Kilombero kuelekea kusini, unafika Lupiro, kijiji cha wakulima wa mpunga katika Wilaya ya Ulanga. Majaruba yake ni mazalia mazuri ya mbu, na hiyo ni sababu tosha ya watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara kuweka huko vibanda vyao vya majaribio. Kwa mbali ni nyumba za kawaida: kuta zenye udongo, nyasi juu ya bati, ukubwa wa nyumba ya kijijini. Sogea karibu uone miguu ya kibanda. Imesimama ndani ya vyombo vya maji, ili sisimizi wasipande usiku kula mbu waliokufa sakafuni. Mbu aliyeliwa na sisimizi hahesabiwi asubuhi, na chandarua kilichomuua kinakuwa kimedhulumiwa alama yake.

Vyombo hivyo vya maji ni sehemu ndogo tu ya ufundi ninaotaka kuusifu hapa, ufundi wa kushindanisha bidhaa kwa namna ambayo wa kwanza ni wa kwanza kweli, na wa mwisho hana cha kulalamikia.

Bidhaa zenyewe ni vyandarua vyenye dawa. Viwanda vinavitengeneza vingi, kila kimoja kikidai kumshinda mwenzake, na kila serikali inayonunua inataka kujua ukweli kabla haijatoa fedha. Ndani ya kila kibanda analala mtu wa kujitolea, aliyeridhia na anayefuatiliwa afya yake. Mbu wanaingia kama wanavyoingia nyumba yoyote. Wanaotaka kutoka wananaswa kwenye mitego ya madirishani. Alfajiri mkusanyaji anapita na bomba dogo la kunyonyea na vikombe vya karatasi vilivyofunikwa wavu. Anaokota waliokufa sakafuni, ananyonya walio hai ukutani, ndani ya chandarua na mtegoni, kila kundi kikombe chake. Kisha wanatenganishwa: aliye na tumbo jekundu amekula, aliye na tumbo jembamba amelala njaa. Walio hai wanawekewa pamba yenye maji ya sukari, wasife kwa njaa kifo hicho kikaandikwa kwenye hesabu ya dawa.

Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kupanga nani alale wapi, chini ya chandarua kipi, usiku upi. Kibanda kilicho jirani na jaruba hupata mbu wengi kuliko kilicho mbali nalo. Watu nao hatulingani: wapo ambao harufu yao huwaita mbu kuliko ya wenzao. Usiku wa mvua si sawa na usiku mkavu. Chandarua kibovu kilichopewa kibanda kizuri na mlalaji asiyependwa na mbu kitaonekana shujaa.

Dawa ya upendeleo huu ni zamu. Chukua vyandarua 4, vibanda 4 na watu 4. Watu wanahama kibanda kila usiku, vyandarua vinahama kila wiki baada ya vibanda kusafishwa na kupitishwa hewa. Kwa wiki 4 zenye usiku 4 wa kazi kila moja, unapata usiku 16 na malazi 64, na kila mtu amelala chini ya kila chandarua katika kila kibanda, mara moja bila kurudia. Upendeleo haujaondoka duniani, umegawanywa sawasawa. Mpango huu huitwa mraba wa Kilatini. Mwingereza Ronald Fisher aliueneza katika majaribio ya mazao tangu miaka ya 1920 alipokuwa kituo cha Rothamsted, kwa sababu shamba nalo halina rutuba sawa kila kona. Mkulima wa Kilombero hahitaji kufundishwa hilo.

Lakini fundi mzuri haridhiki hapo. Tuviite vyandarua A, B, C na D. Ukivisogeza kwa mzunguko mwepesi, kibanda cha kwanza kipate A, B, C, D na cha pili B, C, D, A, utaona kasoro ukitulia: katika kila kibanda, isipokuwa kile inachoanzia, B inaingia baada ya A kutoka. Kama A inaacha mabaki ya dawa hewani au ukutani, B ndiye anayefaidika nayo au kuumia nayo, siku zote yeye. Kwa hiyo fundi anapanga upya. Kibanda cha kwanza: A, B, D, C. Cha pili: B, C, A, D. Cha tatu: C, D, B, A. Cha nne: D, A, C, B. Hesabu sasa. Kila chandarua kimemfuata kila mwenzake mara moja tu. Mistari minne ya herufi, na dhuluma ambayo hakuna mnunuzi angeigundua imeisha kabla mbu hata mmoja hajaingia.

Kuna mengine ya namna hiyo. Kwa kawaida vyandarua hukatwa matundu 6, kila tundu sentimita 4 kwa 4, ili vifanane na vilivyochakaa. Vingine hufuliwa mara 20, kwa kuwa chandarua cha nyumbani hufuliwa. Kimoja huwa hakina dawa kabisa, kionyeshe mbu wangapi wangekufa wenyewe. Na vyote hupewa alama badala ya majina, mlalaji na mhesabuji wasijue ni cha kampuni gani. Bonde hili lina mazoea na usiri huo: miaka ya 1990, huko Idete, watoto 586 walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, baadhi wakipata chanjo na wengine sindano isiyo na chanjo, pasipo mzazi wala daktari kujua nani kapata nini. Kinga iliyoonekana ilikuwa asilimia 31, na ikachapishwa hivyohivyo mwaka 1994, bila kutiwa chumvi.

Hata saa ya kuhesabu ina upande. Kwa miaka mingi mbu walihesabiwa baada ya saa 24, kipimo kilichozifaa dawa za kundi la pairethroidi, ambazo huangusha mbu papo hapo. Ikaja klofenapiri. Hii haina haraka: mwili wa mbu lazima kwanza uigeuze kuwa sumu, na hufanya kazi vizuri mbu akiwa anahangaika kutafuta damu usiku. Ukiihesabu kwa saa 24 inaonekana goigoi. Ukisubiri saa 72 unaona maiti. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa chema kisingejiuza, kingetupwa, kwa kosa la kengele iliyopigwa mapema. Jaribio kubwa la Misungwi, Mwanza, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kuwa vyandarua vyenye klofenapiri ndivyo vilivyobaki mbele baada ya miaka 2 katika kupunguza malaria kwa watoto, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wetu wanaotengeneza programu na kuzipeleka kwenye tovuti za kuzindulia bidhaa, ambako kila siku bidhaa mpya hupangwa kwa kura. Huko pia kuna kibanda cha jirani na jaruba: nafasi ya juu ya ukurasa. Anayeipata mapema huonekana, akionekana hupigiwa kura, akipigiwa kura hubaki juu. Mwaka 2006 Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wasikilizaji waligawanywa katika makundi yasiyoonana, na walioona idadi za waliotangulia waliwafuata. Nyimbo bora kabisa kwa nadra zilifanya vibaya, na mbaya kabisa kwa nadra zilifanya vizuri. Zilizo katikati zilipanda na kushuka kutegemea zimeangukia kundi gani. Mwenye tovuti anayetaka haki angeanza kama Lupiro: ampe kila mgeni mpangilio tofauti, kila bidhaa ipate zamu yake juu na zamu yake chini, idadi ya kura ifichwe mpaka watu waonje wenyewe, na saa ya kuhesabu isizifae tu bidhaa zinazong'aa siku ya kwanza.

Na angeiga jambo moja zaidi, ambalo kwangu ndilo kilele cha ufundi huu. Matokeo ya vibanda hayatoki kama orodha ya wa 1, wa 2, wa 3. Kila chandarua hupewa kipimo pamoja na upana wa mashaka yake, na viwili vikipishana kwa kiasi ambacho bahati pekee ingeweza kukileta, hakuna anayevitenganisha. Chandarua kipya kinaweza kukubaliwa kwa kuonyesha tu kwamba si duni kuliko kilichotangulia. Orodha za sokoni zinaogopa sare, kwa sababu sare haiuzi. Baada ya usiku 16 na malazi 64, fundi wa Lupiro amepata haki ya kuitangaza, na akiitangaza unaweza kumwamini pia siku atakayosema kuna mshindi.