Lou Harrison na Shaba ya Java

Wapo watunzi wa Ulaya na Marekani waliozipenda ngoma za watu wengine kama mtalii apendavyo vinyago: hununua kimoja, hukiweka sebuleni, kisha huendelea na maisha yake kama kawaida. Debussy aliisikia gamelani ya Java mjini Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1889, akaondoka na harufu yake. Simlaumu, harufu nayo ina thamani yake, na aliyoyatunga baadaye ni mazuri. Lakini ninayetaka kumzungumzia hapa ni mtu wa namna nyingine. Lou Harrison, Mmarekani aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1917 na kufariki mwaka 2003, hakutosheka na harufu. Alikaa chini akafundishwa.

Kwa msomaji asiyeijua, gamelani ni kundi zima la ala, nyingi zikiwa za shaba: patu kubwa na ndogo, vyungu vilivyopangwa juu ya fremu za mbao, na vipande bapa vinavyogongwa kwa nyundo. Kubwa la kukumbuka ni kwamba kila gamelani ina sauti zake yenyewe. Fundi huifua shaba na kuikwangua mpaka ala zote za seti ile zielewane, wala hazilazimiki kuelewana na za seti ya jirani. Ukitoa upatu katika seti moja ukautia katika nyingine, umeleta ugomvi nyumbani.

Harrison alianzia mbali na Java. Mwaka 1935, akiwa kijana huko San Francisco, alihudhuria mafunzo ya Henry Cowell juu ya muziki wa mataifa ya dunia, na tangu hapo hakuamini tena kwamba muziki una mji mkuu mmoja. Baadaye alisoma kwa Schoenberg. Akaenda New York, akawa mhakiki wa magazeti, na mwaka 1946 akaongoza onyesho la kwanza la simfoni ya tatu ya Charles Ives. Mwaka uliofuata akili yake ilielemewa, akalazwa hospitali. Alirudi California katika miaka ya 1950 na kujenga maisha yake huko. Mwaka 1961 alisafiri hadi Tokyo, kisha akaenda kujifunza ala za Korea na Taiwan kwa wenyewe, kwa mikono yake.

Mnamo mwaka 1971 yeye na mwenzi wake, William Colvig, walijitengenezea gamelani yao kwa vipande vya aluminiamu, mabomba ya chuma, makopo ya bati ya kukuza sauti, na mitungi ya oksijeni iliyokatwa na kugongwa kwa marungu ya besiboli. Naipenda seti hiyo. Lakini tuseme ukweli, ilikuwa gamelani kwa mapenzi zaidi kuliko kwa nasaba. Harrison alichukia jinsi piano inavyogawa ngazi ya sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Alitaka sauti zipatane kwa hesabu kamili, tatu kwa mbili, nne kwa tatu, kama walivyopima Wayunani wa kale. Fundi wa Java hapimi hivyo. Hupima kwa sikio lake na kwa sikio la mwalimu wake. Kwa hiyo Harrison alikwenda ugenini na rula yake mfukoni, na rula hiyo hakuiacha maisha yake yote. Hapo ndipo namwekea alama ya kuuliza, na sioni utetezi wa kuifuta.

Kisha ukaja mwaka 1975. Mjini Berkeley alikutana na Pak Cokro, yaani K.R.T. Wasitodiningrat, bingwa wa gamelani wa kasri la Pakualaman huko Yogyakarta, ambaye kundi lake limo katika sahani ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Harrison alikuwa na umri wa miaka 58, mwalimu wa chuo kikuu huko San Jose, mtunzi mwenye jina. Alianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni Pak Cokro mwenyewe aliyemhimiza aanze kutunga kwa gamelani. Sisi ambao ngoma zetu zimebebwa kwenye kanda na wageni waliokaa wiki moja, hatuwezi kulipuuza jambo hilo: aliyepewa ruhusa na mwalimu si sawa na aliyejichukulia.

Matunda yake nayasikia zaidi katika Double Concerto ya mwaka 1982, kwa fidla, selo na gamelani ya Java. Fidla haina vituo. Kidole kikisogea kidogo, sauti nayo husogea. Shaba haisogei. Basi mpigaji aliyelelewa miaka mingi katika sauti za piano hana budi kuziacha mlangoni. Ukienda kwa wenye chongo, funga lako jicho. Msikilizaji wa taarabu analijua shauri hili kwa upande wa pili: akodiani ikikutana na maqamu inayotaka sauti ya katikati, ama inyamaze ama iseme uongo, na ganuni na fidla ndizo zinazobaki na ukweli. Kwa Harrison mambo yamegeuka. Ala isiyopinda ndiyo mwenyeji.

Hata hivyo kazi hiyo ina dosari. Fidla na selo zimepewa wimbo mrefu na mtamu, na mara nyingine gamelani inageuka mkeka wa kukalia. Katika muziki wa Java hata rababu na mwimbaji husukwa pamoja na wengine. Hakuna anayepanda mabegani mwa mwenzake. Sehemu ya kati ndiyo ya ajabu zaidi: gamelani inanyamaza kabisa, na nyuzi zinakimbia na ngoma kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

Somo la shaba alilipeleka hata kwenye piano. Konseto yake ya mwaka 1985, aliyomtungia Keith Jarrett, inadai piano ilinganishwe upya kwa mfumo wa Kirnberger, mwanamuziki wa Ujerumani wa karne ya 18, na okestra imechaguliwa ala zinazoweza kuifuata.

Nikiulizwa aanziwe wapi, nasema ni hapo hapo kwenye Double Concerto, sehemu ya kwanza. Lakini mara ya kwanza usiifuate fidla, itakupendeza bila msaada wako. Usikilize upatu mkubwa, uhesabu umbali kati ya pigo moja na jingine.