Kuupima Utenzi wa Vita

Anayetaka kujua kama utenzi wa vita umetungwa na fundi asikimbilie mapigano. Aanze na kipande cha nne cha kila ubeti. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo vinakubaliana kina, na cha nne kinabeba bahari, yaani kina kinachorudi tangu bismillahi hadi tarehe ya kumaliza. Utenzi wa beti elfu moja unamdai mtunzi miisho elfu moja ya sauti ileile. Ndiyo maana wengi hupenda bahari ya -ia: vitenzi vya kutendea havimwishii mtu, kuambia, kurudia, kupigania, kulilia. Kuchagua njia hiyo si kosa. Kosa ni kipande kizima kujazwa “yakini nawambia” au “bila ya shaka jamia” ili mizani itimie.

Shika penseli, weka alama penye kila kiraka cha namna hiyo, kisha tazama viraka vimelundikana wapi. Vikiwa kwenye salamu na dua, si neno. Hadhira ilikuwa bado inakaa sawa. Vikiwa pale damu inapomwagika, mtunzi hakuwa anaona anachokisimulia. Nimeshasoma tenzi nyingi na kipimo hiki kinanifaa kuliko vyote. Walimu wetu hutufundisha kutenga fani upande mmoja na maudhui upande mwingine, na kwa mtihani huenda inasaidia. Katika utenzi wa vita utengano huo haufanyi kazi, kwa sababu kina kilicholazimishwa kinakuonyesha hasa mahali mtunzi alipoacha kulitazama tukio.

Baada ya hapo soma kwa sauti, na kama unaweza, ghani. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu lakini ziliandikwa zipate kusikika. Masikio yatakuambia jambo ambalo macho hayalioni: mwendo. Mtunzi hodari huenda haraka vitani na polepole barazani. Mabaraza, barua, wajumbe, mama anayemuaga mwanawe, hayo ndiyo huchukua beti nyingi, kwa sababu vita huamuliwa hapo kabla upanga haujachomolewa. Utenzi unaotumia nguvu zake zote kuhesabu vichwa vilivyokatwa huchosha upesi, hata ukighaniwa na sauti nzuri.

Chuo cha Herekali, kiitwacho pia Utendi wa Tambuka, ni mahali pazuri pa kujaribia hayo. Bwana Mwengo bin Athman aliutunga Pate, na hati yake ina tarehe ya 1728. Unasimulia vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki, kwa zaidi ya beti elfu moja. Anayetaka kuupima kwa kitabu cha tarehe atapotea. Msafara wa Tabuk, ndiyo Tambuka ya jina la utendi, wa mwaka 630 ulirudi bila pambano. Vita vyenyewe vilikuwa vya Muta, mwaka uliotangulia, alipouawa Jaafar, binamu yake Mtume. Utendi umeyasuka hayo pamoja na kuyakuza, nao haukuwa peke yake, kwani masimulizi ya maghazi, yaani vita vya Mtume, yalikuwa yakifanya hivyo kwa Kiarabu muda mrefu kabla ya Bwana Mwengo. Swali la mpimaji ni jingine: je, Herekali amepewa akili? Mfalme adui anayenena kama mfalme, mwenye wasiwasi na fahari zake, humfanya anayemshinda aonekane mkubwa. Adui aliyefanywa mpumbavu humpunguzia mshindi heshima.

Kuna jambo la kuongeza kuhusu mwaka huo. Mnamo 1728 Wareno walirudi Mombasa na kuishika tena Ngome, safari hii Pate ikiwa upande wao dhidi ya Waomani, na mwaka uliofuata wakafukuzwa tena. Sisemi kwamba utendi ni fumbo la mambo hayo. Nasema kwamba waliousikiliza Pate waliishi na wafalme wa dini mbili, mikataba na usaliti, na beti zile za barua na vitisho zilikuwa zinafika kwenye masikio yenye uzoefu. Ukizisoma kwa kujua hilo, utaelewa kwa nini majadiliano yana uzito kuliko mikuki.

Hali hubadilika mtunzi anapokuwa karibu na tukio. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi (yaani Wajerumani) Kutamalaki Mrima, na mwaka umo ndani ya jina lake: 1307 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1889. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akaweka silaha chini katika miezi ya mwanzo ya 1890. Hii ni habari ya siku zake, inasimuliwa kwa watu waliomjua marehemu. Hapa nakubadilishia kipimo: tafuta kinachomgharimu mtunzi. Umbo la utenzi lilizoea kuleta ushindi mwishoni, kama maghazi yalivyokuwa yakiishia. Mrima ilishindwa. Mtunzi aliyelelewa katika umbo la ushindi akiwa na habari ya kushindwa mikononi amebeba mzigo mzito, na ustadi wake unaonekana katika namna anavyoligeuza umbo bila kulivunja. Fuatilia nani anazungumza na nani: Sultani wa Unguja, kampuni ya Wadachi, watu wa mwambao. Vita hivi vilianzia katika mkataba wa 1888 ulioipa kampuni utawala wa pwani, na msomaji makini ataona kwamba mamlaka yanahama kwa maneno na karatasi kabla ya manowari kufyatua mizinga.

Sasa jambo gumu zaidi, nalo ni nani alikuwa anasikiliza. Tenzi kadhaa za enzi ya Wajerumani zilitungwa au kukusanywa machoni pa serikali. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na habari zake zikatungiwa mashairi wakati walioamuru kamba ndio waliokuwa na dola. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi naye alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji Wajerumani wakiwa bado nchini. Msomaji wa leo hukasirika haraka anapokutana na sifa kwa serikali, anaufunga utenzi na kumwita mtunzi kibaraka. Namsihi asubiri. Sifa zilikuwa ada, kama salamu ya kuingilia nyumba ya mkubwa, na hazitoshi kumhukumu mtu. Tazama beti ambazo hakuna aliyeziagiza. Vita vya 1905 hadi 1907 viliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mtunzi anapoziacha sifa akaingia kwenye njaa, kodi, watu waliohama, jina la kijiji, hapo kalamu yake imetoka mikononi mwa mkubwa. Pima uzito wa beti hizo dhidi ya zile za sifa: zipi zina viraka? Nimeshaona sifa zilizojaa viraka zikifuatwa na ubeti wa msiba usio na silabi hata moja ya kujazia, na kwangu huo ni ushahidi kuliko tamko lolote.

Kuhusu mamlaka yenyewe, kipimo changu ni kitu kidogo. Mtunzi dhaifu huonyesha ufalme kwa ngoma, viti na majeshi. Muhammad Kijumwa wa Lamu, katika Utendi wa Fumo Liyongo wa 1913, ameuonyesha kwa sindano ya shaba. Mfalme anamwogopa Liyongo, hawezi kumuua, kwa hiyo anamnunua mwanawe kwa ahadi ya uwaziri na binti. Mtoto anaiulizia siri ya mauti ya baba yake na kumchoma kitovuni usingizini. Angalia pia mkate wa wishwa wenye tupa ndani anaopelekewa Liyongo kifungoni: walinzi wanakula mkate mzuri na kumwachia mfungwa ule mbaya, na dharau yao ndiyo inayomfungulia pingu. Siasa nzima ya utawala wa hofu imo katika mkate na sindano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya vivyo hivyo katika Al-Inkishafi. Anguko la Pate hakulisimulia kwa vita. Alituingiza katika majumba ya matajiri na kutuonyesha madaka yaliyowekwa sahani za kaure, sasa yakiwa viota vya ndege.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanahitaji mkono tofauti. Huyu aliishi wakati wa vita vya Lamu na Wamazrui waliotawala Mombasa, kushindwa kwa Mombasa na washirika wake wa Pate huko Shela, na mwisho Seyyid Said wa Omani kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Silaha yake ni fumbo. Fumbo bora lina mambo mawili kamili: la nje linasimama lenyewe hata kwa asiyejua siasa, na la ndani linafaa kila sehemu yake. La nje likiwa limevunjikavunjika ili la ndani lipite, fumbo ni bovu.

Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, beti 3,000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, ni mtihani mzuri kwa aliyefika hapa, maana majina ya Ulaya hayakuumbwa kwa mizani nane. Angalia wapi jina linaubeba ubeti na wapi ubeti unalibeba jina. Mimi namheshimu sana Shaaban Robert, lakini napenda zaidi kurasa anazowaza kuliko zile anazoorodhesha majemadari.

La mwisho ni la tahadhari. Kabla ya kumwita mtunzi wa kale mtunga guni, yaani shairi lenye kasoro ya kina au mizani, mchunguze mhariri. Hati za Kiarabu zilivyotumika kwa Kiswahili mara nyingi hazikutenganisha e na i, wala o na u, na nazali ya mb au nd iliachwa bila alama. Aliyehamisha hati kwenda herufi za Kirumi alilazimika kukisia, na wakazi wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakisii sawa. Kipande chenye mizani saba katika kitabu mara nyingi kilikuwa na nane kinywani. Inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha neno, nazo zilikuwa haki ya mtunzi. Kwa hiyo nunua chapa inayoeleza ilitoka hati gani, weka mbili kando kwa kando ukiweza, na kipande kinachokwama kijaribu kwa matamshi ya kwao mtunzi kabla hujakitia alama ya penseli.