Kemshafti na springi zake: injini ya kwanza kwa mlima wa Pugu

Kijana anayefunga injini yake ya kwanza huanza kwa kuwaza kemshafti, na huwaza ile kubwa. Ndivyo ninavyoona kwenye gereji za huku kwetu, kuanzia Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni: hedi iko mezani, pesa ni ya kuhesabu, na swali la kwanza ni "Tuweke ya ngapi?" Mpwa wangu aliponiletea 4A-GE ya mtumba, ile ya valvu 16, ili tuitie kwenye Corolla yake, alikuwa ameshaamua. "Shikamoo mjomba. Tuweke 272, nasikia ndiyo inayolia vizuri."

Kulia inalia. Ila injini hii ingeishi Barabara ya Nyerere, ikijivuta nyuma ya malori na daladala, kisha ipande mlima wa Pugu kuelekea Kisarawe ikiwa na watu wanne na mizigo. Kwa hiyo kabla ya kutaja namba yoyote nilimuuliza: mguu wako ukiwa juu ya mafuta, mshale wa mizunguko unakaa wapi muda mrefu zaidi? Jibu la kweli kwa gari la Pugu ni kati ya 1,000 na 4,000 kwa dakika. Kazi nzima ya kuchagua iliongozwa na jibu hilo.

Namba 272 ni digrii za mzunguko wa krankshafti ambazo valvu inakaa wazi. Kemshafti za kiwandani za 4A-GE za mwanzo zina digrii 240 hivi, na hunyanyua valvu kiasi cha milimita 7.5. Digrii 32 za ziada zinaonekana chache mpaka upige hesabu ya kipindi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi. Chukulia kwamba kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa kuna digrii 110 za kemshafti, yaani 220 za krankshafti. Toa 220 kwenye 240, unabaki na 20. Toa 220 kwenye 272, unabaki na 52. Kipindi hicho kimeongezeka zaidi ya maradufu.

Mizunguko ikiwa 6,500, hizo 52 ni faida. Moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake na silinda inajaa vizuri. Mizunguko ikiwa 900 kwenye foleni ya TAZARA, moshi unapata nafasi ya kurudi kwenye manifoldi. Injini inatetemeka, inanuka petroli, na mvuto wa hewa unaosaidia breki unapungua. Injini nyingi za jamii hii hupima hewa kwa kusoma mgandamizo ndani ya manifoldi. Mvuto ukipungua, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, nayo inamwaga petroli zaidi. Hapo fundi huanza kubadilisha plagi na sensa zisizo na kosa lolote. Tena valvu ya kuingiza inachelewa kufunga, hivyo pistoni inapoanza kupanda inarudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Kompresheni inashuka kwenye mizunguko ile ile unayoihitaji ukiwa gia ya pili mlimani.

Watu wa hapa hawahitaji mfano wa mbali. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, kemshafti ikiwa ndani ya bloku na valvu zikifunguliwa kwa fimbo za kusukuma. Mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404 pia, katika mashindano ambayo magari saba tu yalifika mwisho. Magari yenye farasi wengi kuliko 404 yalikuwemo. Kwenye matope ya Afrika Mashariki, injini inayovuta kutoka chini na isiyovunja kitu ina thamani kuliko ile inayong'ara juu tu, na mimi naamini hilo halijabadilika hadi leo. Anayekwenda shambani Chanika wakati wa masika analijua.

Tulipoanza kutafuta, mtego wa kwanza ulikuwa karatasi za vipimo. Mtengenezaji mmoja huanza kuhesabu digrii valvu inapoanza tu kucheza. Mwingine huhesabu kuanzia milimita 1 ya kunyanyuka. Wamarekani huhesabu kuanzia milimita 1.27. Kemshafti ile ile inaweza kupoteza digrii 30 au zaidi kwa kubadilisha tu mahali pa kuanzia kupima. Kwa hiyo 264 ya muuzaji mmoja na 230 ya mwingine huenda zikawa karibu kitu kimoja. Usilinganishe namba mbili kabla ya kujua zimepimwa wapi.

Tuliishia kwenye 256, yenye kunyanyua karibu milimita 8. Kwa kompyuta ya kiwandani injini inatulia ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na huko juu inapumua vizuri kuliko ya awali. 264 ingewezekana kwa mtu anayekwenda Morogoro mara nyingi kuliko Kariakoo. 272 inataka kompyuta inayopangwa upya, mfumo wa moshi uliofikiriwa, na mara nyingi kompresheni iliyoongezwa. Hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Sasa springi, ambako injini nyingi za kwanza hufia. Kazi ya springi ni kuifanya valvu iufuate mgongo wa nundu wakati wa kushuka. Nguvu inayotakiwa hukua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 6,000 hadi 7,200 umeongeza asilimia 20 ya mizunguko, lakini springi inadaiwa asilimia 44 zaidi. Ikishindwa, valvu inaelea, inaachana na nundu, kisha inagonga kiti chake kwa kishindo. Kwenye injini yenye nafasi finyu, inakutana na pistoni.

Kijana akisikia hayo hukimbilia springi ngumu kuliko zote dukani. Hilo nalo ni kosa. Ugumu usiohitajika hula nundu, huchosha mkanda wa taiming, na hupoteza nguvu kwa msuguano. Springi sahihi ni ile iliyopangwa na mtengenezaji kwa kemshafti hiyo na kwa mizunguko utakayofika kweli.

Kuna vipimo vitatu ambavyo hatukuviruka. Cha kwanza ni urefu wa springi ikiwa imefungwa mahali pake. Tuseme ni milimita 34, na kemshafti inanyanyua 8: ikibonyezwa kabisa inabaki 26. Kama nyuzi zake hugusana kwenye 23, una akiba ya 3, na hapo uko salama. Weka kemshafti ya kunyanyua 11.5 na springi hiyo hiyo, nyuzi zinagusana kabla valvu haijamaliza safari, na kitu fulani lazima kivunjike. Mimi sikubali akiba iliyo chini ya milimita 1.

Cha pili ni nguvu yenyewe. Springi za mtumba zinaweza kuwa na urefu mzuri na bado zimechoka. Pasipo kipimo maalumu, weka mizani ya kupimia uzito wa mtu chini ya mashine ya kutobolea, ibonyeze springi hadi urefu wa kufungwa, kisha hadi urefu wa valvu kuwa wazi, uandike kilo. Zote 16 zinapaswa kukaribiana. Tulipozipima za zamani tuliziona zimetofautiana, tukaziweka kando zote.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika baada ya kazi ya mashine. Viti vya valvu vikikatwa, valvu inazama ndani ya hedi na mkia wake unapanda juu. Springi inapata nafasi kubwa zaidi na kulegea, kwa hiyo unaweka washa chini yake kurudisha urefu. Upande wa pili, nafasi kati ya kemshafti na kikombe cha valvu inapungua. Kwa 4A-GE kitabu kinataka milimita 0.15 hadi 0.25 kwenye kuingiza na 0.20 hadi 0.30 kwenye kutoa, injini ikiwa baridi, na marekebisho ni ya kubadilisha visahani vilivyo juu ya vikombe. Kwa kemshafti za kunyanyua sana na mizunguko mikubwa, visahani hivyo vinaweza kurushwa nje, ndiyo maana waendao huko huhamia vile vinavyokaa chini ya kikombe. Kwa 256 yetu havikuhitajika.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, tulibandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha injini kwa spana, tukafungua tena na kupima unene uliobaki. Ninataka milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa, kwa sababu valvu ya kutoa ndiyo inayofukuzwa na pistoni inayopanda. Nundu zilipakwa oili nzito ya kufungia, na injini ilipowaka mara ya kwanza tuliishika kwenye 2,000 hivi kwa muda badala ya kuiacha iungurume polepole nundu zikiwa kavu.

Ndugu msomaji unayejiandaa kufunga ya kwanza, nunua kemshafti na springi pamoja, zikiwa na karatasi moja ya vipimo inayotaja digrii zilipopimwa, kimo cha kunyanyua, urefu wa springi ikifungwa na urefu ambao nyuzi zake hugusana. Muuzaji akikosa karatasi hiyo, mrudishie mzigo wake.